Filamu Tuliyoizamisha

Haraka haraka ina baraka. Anayebisha hajawahi kukaa sinema pamoja na mashabiki wa Orrin Hasbeck.

Sisi hucheka kabla. Wageni hucheka bata anapochomoza kichwa kwenye koti la meya. Sisi hucheka meya anapoanza tu kutafuta miwani, kwa sababu tunajua kinachokuja. Kicheko chetu kikishapita ndipo kichekesho chenyewe kinafika, kimechelewa, kama mtu aliyekuta sahani zinaoshwa. Hasbeck alizaliwa hapa mjini kwetu Fond du Lac na filamu zake zote alizipiga kuzunguka Ziwa Winnebago, akiwachezesha waokaji na mafundi bomba wetu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunaijaza sinema ya zamani ya mtaani kuzitazama upya, na mtu akicheka pamoja na kichekesho, vichwa vinageuka. Mgeni huyo.

Ukikutana na shabiki mwenzako kwa mara ya kwanza humwelezi kazi yako wala kanisa lako. Unamtajia tano zako, filamu tano unazozipenda kuliko zote, kwa mpangilio, kama watu wengine wanavyotajiana koo.

Tano za mdogo wangu Lyle zilikuwa *Bata wa Meya*, *Jeneza la Kukodi*, *Mjomba Amekataa Kufa*, *Nani Kaiba Ngazi* na *Theluji ya Bure*. Ndizo zilizokuwa tano zangu pia, na mpangilio ni uleule. Nilijivunia hilo. Nilimfundisha mwenyewe tangu miguu yake haijafika sakafuni, nikimtia kiwiko cha mbavu kila alipochelewa kucheka.

Halafu kuna Ile. Jina lake ni *Delbert Aoa Tena*, lakini kwetu huitwa Ile tu. Hasbeck aliipiga akiwa mzee, na wenye fedha wakamlazimisha atie machozi na busu mwishoni. Hakuna shabiki anayeitazama. Kila Februari, barafu ya ziwani ikishakuwa nene kiasi cha kubeba gari, tunakula samaki wa kukaanga wa Ijumaa, desturi ya hapa kwetu, tunatoka na keekee ya kutoboa barafu ya Vern Stuckey, mwenye duka la chambo na mwenyekiti wetu, tunatoboa shimo, na tunazamisha kila nakala ya Ile tuliyoipata mwaka mzima kwenye minada ya vitu chakavu vya nyumbani, kwenye maduka ya mitumba, kwa shangazi za watu. Vern huvua kofia na kusema, "Orrin, najua hukuwa wewe." Nasi tunaitikia, "Hukuwa wewe." Diski zinashuka zikimetameta hadi hazionekani.

Ziwa hilohilo ndilo lililommeza Lyle.

Ilikuwa mwanzo wa Machi, jua limewaka siku kadhaa mfululizo, na yeye hakukivuta kibanda chake cha kuvulia juu ya barafu hadi ufukweni kama wenzake. Barafu ilifunguka. Kibanda kikaenda na kiti, jiko la gesi, sanduku la ndoana na yeye mwenyewe. Wavuvi wa jirani walimtoa kwa kamba. Moyo wake waliuwasha tena ndani ya gari la wagonjwa. Ubongo hakuna aliyeweza kuuwasha.

"Anafumbua macho," nilimwambia Daktari Pham.

"Anafumbua. Lakini hayafuati kitu. Trudy, mwili una mambo yake. Unashtuka, unapiga miayo, unakunja vidole. Sisi tunatafuta jambo ambalo mwili peke yake hauliwezi, na hatujaliona."

Wifi yangu Denise alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, koti bado mwilini, kama mtu asiyetaka kuonekana amehamia. Lyle alikuwa ameandikisha kwamba siku akishindwa kujisemea, Denise ndiye atakayemsemea. Na alikuwa amemwambia zaidi ya mara moja kwamba hataki kuishi akipumuliwa na mashine. Walikuwa wameshakubaliana na hospitali: Ijumaa adhuhuri mrija utatolewa.

"Nipe hadi Ijumaa," nilimwambia.

"Ijumaa ndiyo hiyo niliyosema."

"Basi nipe hadi dakika yake ya mwisho."

"Ufanye nini, Trudy? Umwombee? Mama yangu anaomba tangu Jumapili, magoti yamemvimba."

Mama yake, Bi Gerlach, hakuinua uso kutoka kwenye rozari.

Jibu nililipata kwenye korido, mbele ya mashine ya kahawa, na nikamkimbilia daktari hadi akadhani kuna aliyeanguka.

"Mtu akishtuka baada ya sauti, huo ni mwili," nilisema. "Sawa? Akicheka kabla ya sauti, je?"

"Sijakuelewa."

Nikamweleza habari za bata na miwani ya meya. Nikamweleza kwamba Lyle hajawahi kumsubiri bata tangu utotoni. Daktari Pham alivua miwani yake akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Akibadilika uso kabla," alisema, "na mkirudia pale pale akabadilika tena, huo hautakuwa mwili tu. Huo utakuwa kumbukumbu. Hapo nitamwambia Denise mwenyewe asubiri."

Basi nikaleta kompyuta yangu, nikaiweka juu ya meza ya kulia ya mgonjwa, nikaanza na *Bata wa Meya*.

Nilimtazama Lyle, sikuitazama filamu. Nilikuwa naijua kwa masikio. Meya alianza kupapasa mifuko, nami nikacheka, nikamtia kiwiko kidogo begani, kama zamani. Bata akatoka. Uso wa Lyle ulikuwa kama mlango wa nyumba ya likizo uliofungwa wakati wa baridi. Nikarudisha nyuma. Meya akapapasa tena. Nikacheka tena.

Nesi Rosalind, aliyekuwa akibadilisha chupa ya maji, alitazama kioo cha kompyuta. Bata alipotoka, akaangua kicheko.

"Mgeni," nilisema.

"Mimi? Nina miaka ishirini hapa."

"Umecheka baada."

"Dada, kwetu huwa tunamsubiri bata afike."

Jumanne ikaenda na *Jeneza la Kukodi* na *Mjomba Amekataa Kufa*. Filamu hiyo ya pili niliipiga sauti ikiwa chini, kwa sababu ya jina. Jumatano ikaenda na zilizobaki. Nilibadilisha saa, nikabadilisha upande wa kitanda, nikamfungulia dirisha harufu ya theluji inayoyeyuka iingie. Nilimpaka midomo bia kwa pamba, kwani hajawahi kumtazama Hasbeck bila bia. Bi Gerlach aliponiona akafunga rozari kiganjani.

"Hapa ni chumba cha mgonjwa," alisema. "Si baa na si ukumbi. Mtu anakufa, wewe unakenua meno."

"Nakenua ili asife, Bi Gerlach."

"Unamcheka."

"Namwita."

Jumatano jioni Vern alikuja na mashabiki wengine, wakajipanga ukutani kofia mikononi. Walijitambulisha kwa Lyle kila mmoja kwa tano zake, kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana, na Vern alipofika ya tatu akaanza upya. Nikapiga *Nani Kaiba Ngazi*. Kwenye ile sehemu ya kasisi na ndoo ya rangi tulicheka kabla, wote kwa pamoja, hadi vyombo vikatikisika. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, uso wangu karibu na wake, nikitafuta hata nywele moja ya nyusi isogee.

Haikusogea. Rosalind alikuja kutufukuza, na aliifanya kazi hiyo kwa upole ulionikasirisha kuliko ukali.

Alhamisi asubuhi sikuwa na filamu. Nilikaa kantini mbele ya bakuli la supu ya bia na jibini lililoganda utando. Denise akaja akakaa mkabala nami. Alikuwa amevua koti.

"Hujapiga ile," alisema.

"Nimepiga zote tano. Nyingine mara nne."

"Ile ya Delbert."

Nilidhani ananitania, na nikafurahi kwamba bado anaweza. "Wifi, hapa tunataka aamke. Hatutaki atapike."

Hakucheka. Alikuwa akikunja na kukunjua kitambaa cha karatasi.

"Akitoka zamu kiwandani alikuwa anaiweka hiyo. Sisi wawili kwenye kochi. Hizo tano zako alikuwa anazipenda, sisemi hakuzipenda. Lakini hiyo ndiyo aliyokuwa anaiweka akichoka, akiumwa, tukigombana. Alikuwa ananibana mbavu kabla ya vichekesho, hadi nami nikajifunza."

"Lyle?"

"Alikuwa anaificha kwenye sanduku la ndoana, usije ukaiona ukija kwetu. Kila Februari mkitoka ziwani alirudi kimya kama mtu aliyetoka kuzika."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Aniambie mimi kwa nini hakukuambia wewe?" Akaniangalia usoni. "Alikuogopa, Trudy. Ungemcheka. Kabla hata hajamaliza sentensi, ungeshacheka."

Nilitaka kumrushia bakuli. Nilitaka kumwambia kwamba ndugu yangu namjua. Siku tatu nilikuwa nikigonga mlango uliokuwa wangu, nikishangaa mbona mwenye nyumba haitiki.

"Iko wapi?" nilisema.

"Nini?"

"Sanduku la ndoana."

Denise akageukia dirishani, upande wa ziwa.

Nikaanza kutafuta. Mtandaoni Ile haikuwepo, maana warithi na kampuni wanaigombea mahakamani. Mtu mmoja Oregon alikuwa na diski ya kuuza, lakini ingefika wiki ijayo. Nilipiga simu duka la mitumba la Barabara Kuu. "Zinapoletwa tu mnazimaliza nyinyi," yule mama aliniambia, "mnazipenda kweli." Nilipiga simu maktaba. Walikuwa nayo zamani, wakasema, iliazimwa haikurudishwa. Sikuuliza iliazimwa na nani. Nilikumbuka shimo, nikakumbuka Vern akisema "hata serikali imechangia mwaka huu," nikakumbuka tulivyocheka. Nilipiga simu Oshkosh, nikapiga Ripon, nikapiga Waupun, miji yote ya jirani. Kila nilipogusa, tulikuwa tumeshapita. Kazi yetu ya miaka mingi tuliifanya vizuri sana. Wilaya nzima haikuwa na nakala, na mtu pekee aliyeihitaji alikuwa amelala na mrija kooni.

Alasiri nilikwenda kwa Vern. Alikuwa akihesabu mafunza wa chambo kwenye vikopo.

"Nataka Ile," nilisema.

"Umechoka, binti yangu. Kaa."

"Lyle alikuwa anaipenda. Ilikuwa ya kwanza katika tano zake."

"Lyle Kessenich?" Vern akatazama kama kuna mtu nyuma yangu. "Una uchungu, sikulaumu. Lakini usimsingizie mtu asiyeweza kujitetea."

"Denise ndiye aliyeniambia. Waliitazama pamoja. Vern, kesho adhuhuri wanautoa mrija. Unawajua wakusanyaji wote hadi Chicago. Mtafute mtu mmoja ambaye hakuitupa. Nitaendesha gari hadi kwake sasa hivi."

Vern alikiweka kikopo chini. Akajipangusa mikono kwenye suruali, polepole, kidole kimoja kimoja. Kisha akaingia chumba cha nyuma, nikasikia akisogeza majokofu. Alirudi na diski mkononi, ameigeuza jalada chini.

"Ni kwa ajili ya utafiti," alisema.

Niliigeuza. Pembe za jalada zilikuwa zimeliwa kwa kushikwashikwa.

"Utafiti wa muda mrefu, Vern."

"Marehemu mke wangu aliipenda." Akarudia mafunza wake. "Usimwambie mtu."

Ijumaa asubuhi tulikuwa chumbani mapema: Denise, Bi Gerlach, mimi. Daktari Pham alisema atapita kabla ya adhuhuri. Niliiweka diski, nikakaa karibu na kichwa cha Lyle, na hapo ndipo nilipotambua kosa lililobaki.

Nilikuwa siijui filamu.

Sikujua vichekesho viko wapi. Sikujua nimtazame lini. Delbert aliingia dukani kununua pete, na sikujua kama kuna linalokuja au hakuna. Nilikaa nimekodoa macho kwa Lyle tangu mwanzo, bila kupepesa, hadi yakatoka machozi ambayo hayakuwa ya kulia. Kila kichekesho kilinipiga kisogoni. Nilikuwa mgeni kwenye kitanda cha ndugu yangu.

Wakafika kanisani. Delbert amevaa suti ya kuazima, bi harusi hajafika, mpiga kinanda anarudia wimbo uleule. Kimya. Hakuna cha kuchekesha. Kisha Denise akacheka.

Kilikuwa kicheko kifupi, kilichomtoka kama kikohozi, akiwa amefumba macho na mkono wake uko ubavuni mwake mwenyewe, pale Lyle alipozoea kumbana. Niligeuka kumtazama. Nani asingegeuka? Sijawahi kumsikia Denise akicheka kabla. Nilikuwa bado namtazama milango ya kanisa ilipofunguka na farasi akaingia na kofia ya bi harusi.

Kisha nikakumbuka.

Nikamgeukia Lyle. Uso wake ulikuwa vilevile. Lakini ulikuwa vilevile baada. Kabla, sikuwepo.

"Umemwona?" Denise alisema. Alikuwa amefumbua macho. "Trudy. Mkono wangu mwingine ulikuwa kwenye wake. Nimehisi kitu. Umemwona?"

Daktari Pham alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu lini. "Mimi nimeingia na farasi," alisema.

Bi Gerlach alikuwa akitazama rozari yake.

Tukarudisha nyuma. Denise hakucheka safari hii, alikuwa hana pumzi. Sote tulimtazama Lyle kama watu wanavyotazama kijiti cha kuvulia. Mpiga kinanda, kimya, farasi. Hakuna. Tukarudisha tena. Nilimshika uso kwa mikono yote miwili. Nilimwambia, Lyle, sikucheki, nakuapia sikucheki, ipende unavyotaka. Mpiga kinanda. Kimya. Farasi. Tukarudia hadi Daktari Pham akaweka kidole kwenye kompyuta, akaisimamisha.

"Ile mara ya kwanza," Denise alisema. Aliniuliza mimi, hakumwuliza daktari. "Wewe ulikuwa karibu naye. Sema tu ulichoona. Nitakuamini wewe. Ukisema amecheka, hakuna atakayemgusa leo, wala kesho."

Neno lilikuwa mdomoni. Ndiyo. Fupi hivyo. Ningelisema, na mashine ingeendelea kumpumulia hadi kiangazi, hadi barafu nyingine, na Denise angekaa hapo na koti lake akisubiri jambo nililolibuni. Nilimtazama Lyle, kijana aliyenificha filamu moja maisha yake yote ili nisimfanyie mzaha, na nikaona kwamba nilikuwa karibu kumtungia kicheko kwa mara nyingine.

"Sikuona," nilisema. "Nilikuwa nakutazama wewe."

Denise aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayeelekezwa njia ndefu.

Adhuhuri walikuja. Mchungaji wa kanisa letu alisimama miguuni pa kitanda. Rosalind akautoa mrija kwa ustadi, akamfuta kidevu. Lyle akaanza kupumua mwenyewe, kwa mbali, kama mtu anayepanda ngazi bila haraka. Nikanyoosha mkono nikaiwasha filamu palipobaki.

"Zima hicho kitu," Bi Gerlach alinong'ona. "Mchungaji anaomba."

"Mama, iache," Denise alisema.

Basi sala na sinema zikaenda pamoja. Sikumwangalia tena Lyle kumvizia. Nililaza kichwa karibu na chake tukatazama wote upande mmoja. Na ndivyo nilivyofika mwisho wa Ile, mahali ambapo hakuna mmoja wetu aliyewahi kukiri kufika, kwenye busu tulilolizamisha mwaka baada ya mwaka. Delbert akamkumbatia bi harusi. Vinanda vikalia. Machozi, yale waliyomlazimisha.

Denise akacheka kabla.

Nikatazama vizuri zaidi. Nyuma ya busu, mbali, kwenye kona ya picha ambapo hakuna aliyeambiwa atazame, baba wa bi harusi alikuwa akijaribu, kimyakimya ili asiharibu sherehe, kumtoa farasi kichwa ndani ya keki. Anavuta. Farasi anatulia. Anamsihi. Anampigia magoti. Anamwonyesha picha za wajukuu. Busu linaendelea, refu, la kipuuzi, na sasa ilikuwa wazi kwamba ni refu ili mzee apate muda. Walimlazimisha Hasbeck atie busu, naye akaligeuza likawa pazia. Alikuwa yeye. Ilikuwa kazi yake wakati wote, na tulisimama kwenye barafu tukamwambia hukuwa wewe.

Farasi akainua kichwa, uso mweupe wa krimu, na akaketi.

Nikacheka. Nilicheka baada, kwa sauti, mdomo wazi, kama mgeni, hadi mchungaji akasahau alipofika. Nilikuwa bado nacheka Rosalind aliposogea akaweka vidole shingoni mwa Lyle, akatazama saa ya ukutani.

Tulimzika Jumanne. Kwenye chakula cha msiba, katika ukumbi wa chini ya kanisa, Bi Gerlach aliweka sahani yake ya viazi na nyama ya nguruwe akaja hadi nilipokaa. Watu wakageuka kusikiliza. Alisema kwamba hakunisema siku ile kwa heshima ya maiti. Alisema mkwewe alikata roho huku dada yake mwenyewe akiangua kicheko juu ya mto wake, mbele ya mchungaji, mbele ya mjane. Alisema mtu mwenye malezi angesimama sasa hivi, mbele ya hawa wote, akamwomba Denise radhi.

Vern, mezani kwake, aliinamia kahawa. Denise alinitazama, akaweka mkono ubavuni mwake.

Nilisimama, kwa sababu ni mtu mzima aliyesimama mbele yangu.

"Bi Gerlach," nilisema, "ilichekesha, na aliichagua mwenyewe. Siombi radhi."